Mlima Uliofundishwa Kupumua

Jumanne, saa mbili asubuhi, Kisima Namba Nne kiliacha kutoa gesi. Hakikupungua kidogo kidogo kama visima vinavyochoka. Kilikatika mara moja. Tusekile Mwambene alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa vipimo, koti la mvua bado mwilini, kikombe cha chai mkononi. Alingoja mstari wa kijani upande tena. Haukupanda. Akaweka kikombe sakafuni, maana meza ilikuwa mbali, akapiga simu mlimani.

"Gwandumi, Nne imekatika."

"Naiona," alijibu fundi mkuu wa visima. "Valvu iko wazi, nimeikagua kwa mkono. Tatizo si huku juu. Kimezibwa chini."

"Na Tano?"

"Tano ilikufa Jumapili, mhandisi. Unajua."

Alijua. Alikuwa hajalala vizuri tangu Jumapili.

Kwa miaka ishirini na sita Mlima Isyeto ulikuwa ukipumua kwa mirija. Visima kumi na kimoja vilichimbwa, kila kimoja kilometa nne kwenda chini, hadi kwenye paa la chumba ambamo mwamba ulioyeyuka hukusanyika kabla ya kupanda. Volkano hailipuliwi na moto, hulipuliwa na gesi. Mwamba ukiwa chini kabisa, gesi imeyeyuka ndani yake kama ilivyo kwenye chupa ya soda iliyofungwa. Ukipanda, uzito unaoukandamiza hupungua, mapovu hutokea, na chupa ikifunguka ghafla vyote hutoka kwa pamoja. Visima vilikuwa vinalegeza kizibo taratibu. Gesi ilitoka, ikaendesha mitambo ya umeme, na mji wa Tukuyu, ambao watu walikuwa wameanza kuuhama, ukajaa tena hadi ukafika watu laki mbili.

Jambo moja halikuhesabiwa. Mwamba uliopoteza gesi yake huwa mzito. Uji hugeuka ugali, na ugali hugeuka ukoko. Visima vyenyewe, kwa kazi yao njema, vilikuwa vimetengeneza ukoko mnene juu ya chumba, na sasa mwamba mpya wenye gesi tele ulikuwa unaingia chini ya ukoko huo. Kwa siku tisa ubavu wa mashariki wa mlima ulikuwa umevimba sentimita kumi na nne. Visima vinne vya mwisho, vile vilivyonyonya kwa nguvu kuliko vingine, alivisanifu Tusekile mwenyewe.

Alikaa mbele ya Mtabiri. Hiyo ilikuwa mashine iliyosoma vipimo elfu tatu vya mlima kila sekunde, ikatoa namba. Haikuwahi kusema ndiyo wala hapana. Asubuhi hiyo ilisema: uwezekano wa mlipuko ndani ya siku tatu, thelathini na nane katika mia. Mlipuko wenyewe ungekuwa wa ule ukoko kuruka na mawingu ya majivu ya moto kuteremka mlimani kwa mwendo unaoshinda gari lolote. Kufika Tukuyu, dakika tisa.

Akauliza swali la pili. Je, Kisima Saba kikifunguliwa chote?

Sita katika mia.

Kisima Saba kiliingia mlimani kwa ubavu, chini ya ukoko. Kilikuwa hakijawahi kufunguliwa zaidi ya robo, na kulikuwa na sababu. Mdomo wake ulikuwa kichwani mwa bonde la Ikambako. Hewa ukaa inayotoka humo ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Haipandi juu kama moshi. Hushuka kama maji na kutuama mabondeni, haina rangi, haina harufu ya kutosha kumwamsha mtu. Watu wa Goma huiita mazuku. Na Ikambako walikuwa wanaishi watu mia nne na kumi na wawili.

Alimpigia Mkurugenzi Shekilindi, aliyekuwa makao makuu Dodoma.

"Inabidi iwe leo," Tusekile alimwambia. "Bomba la Saba linapindwa na uvimbe. Kesho litakuwa limevunjika. Na lazima iwe kabla ya saa kumi jioni, maana baada ya hapo upepo unalala na gesi haitatawanyika hata kidogo."

"Na kuhamisha Tukuyu?"

"Siku tano, kwa barabara ile. Hatuna siku tano."

Shekilindi alikuwa mtu mpole, ndiyo maana maneno yake yalikuwa magumu kuyakataa. "Basi shuka Ikambako uwatoe. Waambie ni hakika, Tusekile. Ukiwapa namba, watajadiliana na namba. Unakumbuka mwaka juzi."

Alikumbuka. Ndicho kilichomfanya asiweze kutulia kwenye kiti.

* * *

Gari liliteremka katikati ya migomba na mashamba ya viazi. Gwandumi alikuwa ameacha vijana wake wawili kisimani akaja kumwendesha. Alikuwa na miaka hamsini na tano, na alizoea kuzungumza njiani. Siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye kingo za njia. Walipofika kwenye korongo la kwanza chini ya kisima alisimamisha gari bila kuombwa.

Kando ya njia alilala fungo, na hatua tatu kutoka kwake kunguru wawili, mabawa yamekunjwa vizuri. Hapakuwa na damu wala jeraha. Gwandumi alitoa kiberiti cha gesi, akakiwasha usawa wa kifua, kisha akainama akikishusha polepole. Kilipofika magotini, moto ulizimika.

"Saba bado imefungwa," Tusekile alisema.

"Imefungwa. Hii inavuja pembeni, kwenye nyufa." Alisimama wima, akarudi garini haraka. "Unavyoona, bonde hili linajaa hata tusipofungua."

"Hilo ni jambo la kweli ninaloweza kuwaambia."

Gwandumi alimtazama. "Kuna lingine si la kweli?"

Mwaka juzi, uvimbe wa kwanza ulipoanza, alisimama mbele ya watu wa Ikambako akasema mlima utalipuka kabla ya Ijumaa. Walitoka wote. Walikaa kwenye mahema uwanjani Tukuyu wiki tano, msimu wa baridi, mvua haikati. Viazi vilioza ardhini. Ng'ombe waliibwa. Mzee mmoja, Asegelile, alipata homa ya mapafu akafia hemani. Mlima haukulipuka. Watu walirudi nyumbani, na Tusekile akapewa cheti cha utumishi bora, kwa sababu ni watu wawili tu waliojua Mtabiri alikuwa amesema nini wiki ile: yeye na Shekilindi.

* * *

Mkutano ulifanyika kwenye banda la kukusanyia maziwa. Mwenyekiti wa kijiji, Anyosisye Mwakibinga, alisimama karibu na matangi, mikono nyuma. Hakuwapa wageni viti.

"Tumekusikia kwenye simu, mhandisi," alisema. "Sema tena mbele ya watu."

Tusekile alieleza kuhusu ukoko, kuhusu Kisima Saba, kuhusu gesi inayoshuka kama maji. Aliwaambia kuhusu fungo na kunguru. Watu walisikiliza. Kisha mwanamume wa makamo aliyekuwa amebeba ndoo ya maziwa, jina lake Lwitiko, akauliza bila kunyanyua sauti:

"Mlima utalipuka?"

Kila mtu alimwangalia Tusekile. Lile neno la Mkurugenzi lilikuwa mdomoni mwake tayari, neno moja tu, na lingewatoa wote kabla ya saa saba. Mji mzima ungekuwa salama. Nani angemlaumu?

"Sijui," alisema. "Mashine inasema thelathini na nane katika mia."

Minong'ono ilipita bandani. Lwitiko aliweka ndoo chini. "Kwa hiyo mara sitini na mbili tunaondoka bure."

"Ndiyo."

"Mara ya mwisho hukutupa namba. Ulisema ni hakika. Nilikuwa na ng'ombe sita. Nilirudi nikakuta kamba."

"Mara ya mwisho niliwadanganya," Tusekile alisema. Aliona Gwandumi akigeuka kumtazama. "Mashine ilisema ishirini na mbili katika mia. Niliogopa kwamba mkisikia namba hamtaondoka. Nikasema hakika, na haikuwa hakika."

Nje, ng'ombe alilia akiita ndama. Kisha, kutoka kwenye benchi la nyuma, mwanamke mzee mwenye kitenge cheusi alizungumza.

"Mume wangu alifia hemani kwa ishirini na mbili."

"Ndiyo, bibi."

"Mimi ni Ndimbumi. Hukuja msibani."

"Sikuja. Niliogopa."

Mwenyekiti Anyosisye alikwenda mezani, akafungua kitabu cha mikutano ya kijiji, akakigeuza kumwelekea Tusekile. "Andika," alisema. "Uliyosema mwaka juzi na uliyosema leo. Kwa mkono wako, na sahihi."

Gwandumi alimsogelea. "Mhandisi, ukiandika hilo kazi yako imekwisha," alisema kwa sauti ya chini, lakini banda lilikuwa kimya kiasi kwamba kila mtu alisikia.

Aliandika. Mistari mitano. Herufi zilikuwa mbaya, ikabidi jina lake aliandike mara mbili. Lwitiko alikuja akasoma juu ya bega lake, taratibu, mpaka mwisho.

"Mtu hatungi uongo wa kujifukuzisha kazi mwenyewe," aliwaambia wenzake. "Mimi naondoka." Akachukua ndoo yake.

Huo haukuwa ushindi. Wengine walimlaani wakiwa wanafunga mizigo. Mama mmoja alimtemea mate miguuni, akapita na mtoto mgongoni. Lakini waliondoka. Anyosisye alisimama darajani akiwahesabu mmoja mmoja, malori yakiwangoja ng'ambo, na ilipofika saa nane na nusu alikuwa amehesabu mia nne na mmoja, pamoja na yeye mwenyewe, Lwitiko akiwa wa kwanza kuvuka.

Walibaki kumi na mmoja. Wote walikuwa wazee, na walikuwa wamekaa nyumbani kwa Ndimbumi.

* * *

"Siendi hemani," Ndimbumi alimwambia mlangoni. "Hawa nao hawaendi. Fungua kisima chako. Tumekusamehe au hatujakusamehe, hilo si juu yako."

"Siwezi kufungua mkiwa hapa."

"Basi usifungue."

Simu ililia. Ni Shekilindi. Alisogea pembeni kupokea, huku akitazama majani ya migomba. Yalikuwa yanatikisika kivivu. Saa tisa na dakika ishirini.

"Nimesoma ulichoandika. Kuna mtu amekipiga picha," Mkurugenzi alisema. "Tutalizungumza baadaye. Sasa kuna watu kumi na mmoja, na kuna watu laki mbili. Fungua."

"Nipe dakika thelathini."

"Naweza kumwagiza Gwandumi."

"Mwagize," alisema. Gwandumi alikuwa amerudi kisimani kwa pikipiki, na Tusekile alimfahamu vizuri. Dakika moja baadaye fundi huyo alimpigia.

"Nimepewa amri," alisema. "Nimemwambia mtandao unakatika. Fanya haraka, mama. Bomba linalia huku, linalia kabisa."

Tusekile alitazama huku na huku, bonde lote, mto chini, nyumba, barabara, kisha kanisa la kijiji lililokuwa juu ya kilima upande wa pili wa shamba la chai. Alimuuliza Mtabiri kwa simu: Kisima Saba kikiwa wazi chote na upepo huu, gesi itafika kimo gani Ikambako? Jibu: mita ishirini na mbili juu ya mto, na kosa la mita nane kwenda juu au chini. Kanisa lilikuwa mita arobaini juu ya mto.

Alirudi mlangoni. "Sitaki muende hemani," alisema. "Nataka mpande kanisani. Ni kijijini kwenu bado."

Ndimbumi alifikiri. "Mashine yako ikikosea?"

"Tutakufa pamoja. Nitakaa nanyi."

"Hilo la kukaa nasi umelisema kwa kutaka tukuonee huruma?"

"Ndiyo," Tusekile alisema. "Na pia nitakaa."

Kwa mara ya kwanza mwanamke yule alionekana karibu kucheka. Akaingia ndani kuchukua shuka. Wazee tisa walitembea. Wawili walibebwa kwa zamu kwenye machela, na Anyosisye pamoja na madereva wawili wa malori; madereva baadaye walikimbia kurudi darajani. Anyosisye alibaki. Ilipofika saa kumi kasoro dakika kumi Tusekile alihesabu vichwa mara mbili ndani ya kanisa, akasimama kwenye ngazi, akapiga simu.

"Gwandumi. Fungua."

Sauti ilikuja baadaye, ndefu, ya chini, iliyosikika zaidi miguuni kuliko masikioni. Vioo vya kanisa vilitetemeka. Kisha ilionekana kama hakuna kilichobadilika. Jua lilikuwa palepale. Mawingu meupe ya mvuke yalipanda kutoka kichwani mwa bonde, mazuri kuyatazama, lakini hayo hayakuwa na hatari. Hatari ilikuwa chini, na haikuonekana, isipokuwa kwa yale iliyoyafanya. Moshi wa jiko moja lililoachwa uliinama ukalala juu ya ardhi. Kuku waliokuwa wanachakura karibu na mto walikaa chini, kama wamechoka, mmoja baada ya mwingine.

Anyosisye ndiye aliyemwona. "Yule ni nani?"

Mtu alikuwa anatembea kwenye njia ya juu ya migomba, haraka, kamba begani. Alikuwa ametoka upande wa pili, kwenye kivuko cha mawe, si darajani. Walimtambua kwa fulana yake. Lwitiko.

Walimwita. Anyosisye aliita hadi sauti ikakauka. Lwitiko alinyanyua mkono, kama mtu anayesema nakuja sasa hivi, akashuka kwenye zizi lake. Walimwona akiinama kufungua ng'ombe. Hakuinuka.

Tusekile alikuwa na simu sikioni. "Kufunga Saba ni muda gani?"

"Dakika kumi na mbili," Gwandumi alisema. "Na nikifunga sasa haitafunguka tena, bomba limepinda mno. Kuna nini?"

Dakika kumi na mbili. Gesi iliyokwisha kushuka isingerudi juu hata kisima kikifungwa. Hilo alilijua kwa akili. Ndimbumi alikuwa amesimama pembeni yake, anasikia kila neno.

"Usifunge," alisema. "Acha wazi."

Kisha alikimbia kwenye gari, alilokuwa ameliegesha kando ya kanisa, akavaa barakoa yenye mtungi wa hewa, ile moja tu iliyokuwemo, akateremka mbio kati ya michai. Alijua hesabu yake: mtu akivuta hewa ile mara tatu anaanguka, na baada ya dakika tano au sita hakuna la kufanya. Alifika zizini baada ya dakika saba. Lwitiko alikuwa amelala kifudifudi, kamba mkononi, na ng'ombe wake watatu wamelala kumzunguka. Alimshika makwapani akamvuta. Alikuwa mzito. Alimvuta, akapumzika, akamvuta tena, kioo cha barakoa kikajaa ukungu wa pumzi zake. Anyosisye alishuka hadi pale alipothubutu, akiwa amejifunga kamba ya kengele kiunoni na wazee wakishika upande wa pili, akampokea. Walimpandisha hadi kwenye ngazi za kanisa. Walimkandamiza kifua, wakampulizia, mmoja akichoka mwingine anapokea, kwa karibu saa nzima.

Ni Ndimbumi aliyewaambia waache.

* * *

Upepo wa asubuhi uliondoa gesi bondeni. Kufikia Jumatano jioni ubavu wa mlima ulikuwa umeshuka sentimita sita na mitetemo imekoma. Mtabiri alisema nne katika mia. Tukuyu watu walifungua maduka kama kawaida, na wengi hawakujua chochote mpaka walipokiona kile kitabu cha mikutano kwenye simu zao.

Waliuliza swali moja, waandishi wa habari na tume kutoka Dodoma: kama kisima kisingefunguliwa, mlima ungelipuka? Wengine waliuliza kwa hasira. Mke wa Lwitiko aliuliza kwa sauti ndogo, siku ya mazishi, na huyo ndiye Tusekile aliyeshindwa kumtazama usoni. Jibu lilikuwa lilelile kwa wote, hajui na hatajua kamwe. Mlima ambao haukulipuka hauachi ushahidi. Marehemu ndiye aliyekuwa na kaburi.

Tusekile alisimamishwa kazi Ijumaa. Shekilindi aliandika barua hiyo mwenyewe, na nyuma yake akaambatanisha barua ya kujiuzulu kwake yeye.

Siku ya nane watu walirudi Ikambako. Ng'ombe waliokufa bondeni walikuwa sitini na mmoja, na walikuwa wananuka. Anyosisye alimpigia simu, hakusalimia, alisema tu kwamba kuna kazi ya mashimo na mikono haitoshi. Tusekile alikwenda. Hakuna aliyemkaribisha wala kumfukuza. Ndimbumi, aliyekuwa anawagawia wachimbaji maji, alimpa kikombe kama alivyowapa wengine.

"Ile siku ulisema usifunge," mzee huyo alisema. "Nilisikia."

"Najua, bibi."

"Nimemwambia mke wake. Nilidhani ni haki yake kujua."

"Ni haki yake."

"Amesema hataki kukuona mpaka mwaka uishe. Baada ya hapo uende." Akachukua kikombe, akasogea kwa mtu wa pili.

Walichimba hadi jua likawa kichwani. Udongo wa pale ni mweusi na mwepesi, majivu ya milipuko ambayo hakuna babu aliyeikumbuka, na ndiyo sababu viazi vyake ni vikubwa na watu hawawezi kuuacha. Tusekile alikuwa amefika kimo cha kiuno ndani ya shimo lake aliposikia ardhi ikisogea chini ya nyayo, kidogo sana, kama mtu anayegeuka kitandani.

Majembe yote yalisimama. Watu zaidi ya mia wakageuka kumtazama, na hakuna aliyeuliza. Wakangoja.

Alikuwa hana cheo, hana gari wala Mtabiri; alikuwa na kipimo kidogo cha mkononi kwenye mfuko wa suruali, ambacho wakubwa wake hawakukumbuka kumnyang'anya.

"Sijui," alisema. "Ngojeni nipime."

Anyosisye aliinama, akampa mkono, akamvuta kutoka shimoni.